Kunguni Ndani ya Kigae

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Leo nimemfundisha daktari wa chuo kikuu kutengeneza vigae. Haya, nilimshikia ndoo. Lakini niliishika kitaalamu!

Daktari Rispah amekuja hapa Msambweni kuchanganya saruji na usumba wa makumbi ya nazi. Eti nyuzi zake huishika saruji isipasuke. Mwenye usumba bora ataezekewa nyumba kwa vigae vya majaribio. Bure! Nami paa nalihitaji kuliko pumzi. Makuti yangu yamekuwa chujio. Mvua ya kwanza tu, mke wangu Asiya akahamia kwa dadake kule Vanga. Kaapa hatalala tena chini ya mwavuli.

Mpinzani ni mmoja: jirani yangu, Bi Subira.

Jumanne, 8 Aprili

Balaa. Makumbi hufukiwa matopeni ufuoni miezi sita, yalainike, ndipo yapigwe. Subira aliyafukia yake tangu Oktoba. Mimi nilikuwa na shughuli. Kucheza bao.

Nikapata akili! Godoro la harusi la Asiya limejaa usumba. Tena umelainishwa na makalio ya miaka arobaini. Nikalipasua, nikajaza gunia, nikamwapia Daktari kuwa umetoka shimoni. Akaunusa. Akauliza mbona haunuki matope. Nikamwambia nimeufua kwa heshima yake.

Jumatano, 16 Aprili

Vigae vyetu, changu na cha Subira, vimepelekwa Nairobi kupigwa eksirei. Tena si picha moja! Mashine hukichanja kigae picha nyembamba elfu na zaidi, bila kisu. Kisha kompyuta, iliyofundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi, hutambua upi uzi, lipi tundu, upi ufa. Nilicheka sana. Kompyuta ya Nairobi iniweze mimi, Zahoro? Nikampigia Asiya, nikamwambia paa limekwisha. Akasema anarudi Jumapili.

Jumapili hii! Ulimi wangu huu.

Alhamisi, 17 Aprili

Picha zimerudi. Daktari akazifungua mbele ya watu. Kompyuta imepaka nyuzi kijani, matundu mekundu. Kigae cha Subira kijani kitupu, nyuzi zimetapakaa kama mpunga shambani. Changu mabonge mabonge, na matundu mekundu kama surua. Halafu kikaonekana kitu ambacho kompyuta haikukijua. Daktari akakikuza. Miguu sita.

Kunguni!

Subira akasema alhamdulillahi, heri kunguni amepata paa kabla ya mwenye nyumba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajitetea kuwa mdudu yule aliingia kigaeni huko huko Nairobi. Hakuna aliyenisikiliza. Paa ni la Subira.

Jumamosi, 19 Aprili

Heshima imerudi! Daktari amesema kompyuta haikuwahi kuona usumba mbaya kiasi kile. Sasa inafundishwa kwa picha zangu, ijue kazi mbovu ikiiona. Basi mimi ni mwalimu. Subira ametoa nini? Usumba mzuri tu, kama mtu yeyote.

Asiya kapiga simu. Amekwisha kufunga mizigo. Kesho asubuhi yuko njiani.

Daktari Rispah, ukurasa huu nauchana nikuletee. Mwalimu wa kompyuta yako ana haki yake, na hakuombi kikubwa. Mpigie Asiya simu moja tu, leo hii. Mwambie, kwa sauti ile yako ya chuo, kwamba eksirei imethibitisha paa la Zahoro halivuji. Ni nyumba inatoka jasho.