Vita vya Punje Iliyobanduka Jinoni mwa Mama Mkwe

Enyi mliopata viti, na ninyi mliobanana mlangoni, mezeni vikohozi vyenu, mpisheni aliye nyuma naye asikie! Nawaleteeni habari za Bibi Kibano, malkia wa maabara ya ghorofa ya tatu, mshika punje asiyetetemeka, dada wa daktari wa meno, na vita alivyopigana na kitu kisichozidi mbegu ya ufuta.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi pale mama mkwe wake, Jabali la Ukoo, alipoingia maabara kwa kishindo, mkoba kwapani, akakunjua karatasi ya shashi iliyokunjwa mara saba. Ndani yake ilijilaza punje ya dawa nyeupe ya kuzibia, iliyobanduka jinoni mwake.

“Kaka yako kaniziba kwa chaki!” akanguruma. “Mimi, mama wa watoto sita! Jumapili ukoo wote uko kwangu. Nitamtangaza tapeli mbele yao, nawe utachagua pa kukaa.”

Lo, mtihani! Akimtetea kaka, ukwe umekwisha. Akinyamaza, kaka kazikwa hai. Shujaa akavaa glavu kama avaaye deraya.

“Kaa, mama. Chaki imejaa kalsiamu, haijifichi. Na mashine yangu haina shemeji.”

Akainyanyua punje kwa kibano, na papo hapo feni ikageuza shingo. Punje ikaruka! Wakapiga magoti, mkwe na mkwe, wakatambaa chini ya meza wakigongana vichwa, hadi adui alipotekwa kwenye soksi ya Jabali mwenyewe. Akabandikwa, akapitishwa kwenye mashine ya kupaka koti kama walivyopitishwa wenzake wote miaka kumi na moja, akafungiwa ndani ya hadubini ya elektroni, hewa ikanyonywa, mishale ya elektroni ikamnyeshea. Kila elementi ikajitangaza kwa miale yake ya eksirei, na kwenye skrini milima ya grafu ikachomoza.

Mrefu kuliko yote uliandikwa: DHAHABU.

Jabali akapiga kigelegele kilichotikisa chupa. “Kumbe kijana wa watu kaniheshimu kimyakimya!” Na simu ilikuwa sikioni tayari: “Wifi, kaa chini kwanza, nina dhahabu jinoni…”

Bibi Kibano angenyamaza tu, ndugu zangu, vita vingeishia pale. Lakini uongo haukuwahi kutoka kwenye maabara ile.

“Mama, kata simu. Dhahabu ni yangu. Kila punje huvishwa koti la dhahabu ili picha isivurugike. Nimeipaka kwa mazoea.”

“Na chini ya koti?”

“Silikoni na bariamu. Unga wa kioo, dawa halali kabisa. Kalsiamu haionekani.”

“Basi mbona imebanduka?”

Bibi Kibano akaikuza picha. Likatokea bonde lenye kuta zilizochanika, akaelekeza mishale humo, milima miwili ikainuka.

“Humu kuna chuma na bati, mama. Umetafuna nini?”

Jabali akaitazama dari. Akautazama mkoba. Kisha, kwa sauti ya panya: “Soda. Huwa naifungua kwa meno. Wajukuu hunipigia makofi.”

“Kwa jino alilokuziba kaka?”

“Si ndilo lenye nguvu!”

Jumapili ikawadia, na wifi hakuwa amekaa kimya. Watu arobaini walijipanga kuchungulia kinywa chenye dhahabu. Daktari wa meno alijikunja karibu na mlango, tayari kukimbia. Jabali akasimama, chupa ya soda mkononi, wajukuu wakaanza makofi. Akaipeleka kinywani. Akasita.

“Dhahabu hakuna,” akasema. “Na chaki hakuna. Aliyeharibu ni mimi, kwa vifuniko hivi hivi mnavyovishangilia. Daktari, toka huko mlangoni, njoo ukae kwangu. Na wewe wifi, funga mdomo, inzi wataingia.”

Kisha akamkabidhi chupa mkwewe Bibi Kibano, naye akachomoa opena mfukoni kama mtu achomoaye upanga alani.

Basi na iandikwe, na asiyejua kuandika akariri: siku ile, saa nane na dakika kumi mchana, kifuniko kilianguka mezani kikalia ting, na hakuna jino lililoumia.