Maski Mbili kwa Radio Moja

Jumatatu, 5 Machi 1984

Nafasi ni moja. Amesema hivyo leo asubuhi ufukweni Papa Gaspard, mwalimu wetu wa kupiga mbizi, mbele yangu na mbele ya Norbert. Kampuni inayouza samaki wa mapambo Ulaya inataka mzamiaji mmoja, si wawili. Mtihani ni Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Chupa za hewa ni za kampuni. Maski, mrija wa kupumulia na mapalme, yaani vile viatu vya mpira vinavyofanana na miguu ya bata, kila mwanafunzi anajinunulia.

Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba vifaa vizuri viko sokoni kwa Mama Domitille, vimevuka ziwa kutoka Kigoma. Nimeliweka hilo kichwani. Mtu hataji jina la mfanyabiashara bure. Ama ni ndugu, ama wanagawana.

Norbert alisema "Aksanti, Papa" na kutabasamu. Norbert ni fundi wa baiskeli. Ana kazi tayari. Mimi sina kitu tangu biro ya bandari ipunguze watu. Nimemweleza mke wangu Viviane habari hizi. Amejibu kwamba nisipopata nafasi hiyo, kaka yake Edmond atanichukua kwenda kulima mihogo Kiambi. Wameshapatana. Walipatana lini? Hakuna aliyeniambia.

Jumanne, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mama Domitille nikijifanya natafuta sahani. Hakudanganyika. Alisema, "Weye njo mwanafunzi wa Gaspard, unatembea kama muntu mwenye kuogopa maji," akatoa maski mbili chini ya vitenge.

Aliniagiza niweke maski usoni bila mkanda, kisha nivute hewa kwa pua. Ikishika, ni yako. Ya kwanza ilishika kama kupe. Ya pili ilianguka ndani ya beseni la ndagala, dagaa wa hapa ziwani. Akasema nichukue ya kwanza, hii nyingine ni ya muntu mwenye uso munene. Nikaelewa papo hapo. Norbert ana uso mnene. Alikuwa anamwekea.

Nimenunua zote mbili. Norbert atazamia na nini, na miwani ya jua? Mama Domitille alitaka radio yangu kwa zote, pamoja na mapalme na mrija. Nilikwenda kuileta mwenyewe, kwa njia ya nyuma. Mapalme ni makubwa kwangu, lakini nimeshindilia matambara mbele ya vidole.

Saa ya habari Viviane alinyoosha mkono mezani, akakuta maski. "Papa Mado," alisema. Mado ni binti yetu, na mama yake akiniita kwa jina la mtoto, mambo si mazuri. "Sasa tutasikiliza habari kwa hii?" Nilimjibu kwamba ni sehemu ya mpango. Alisema mipango yangu anaijua.

Jumatano ya Majivu, 7 Machi

Norbert amefika kwenye somo na maski mpya. Nzuri kuliko zangu. Imetoka kwa Mama Domitille. Baadaye nilipita kwake kumwuliza. Ana sanduku zima. "Papa Ilunga," aliniita kwa jina langu, "haukuuliza kama iko zingine. Nilizani unanunulia na mama."

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi nililiona kwa macho yangu. Kabla hatujaingia majini, Papa Gaspard alichukua maski ya Norbert, akatema mate kwenye kioo kwa ndani, akayapaka taratibu kwa kidole gumba, akasuuza kidogo ziwani, akamrudishia. Norbert bado alikuwa na majivu ya asubuhi kwenye paji la uso. Majivu ya padri juu, mate ya mzee chini. Amekingwa pande zote.

Nyumbani kwetu Ankoro, mtumbwi mpya hauingii mto Luvua kabla mzee hajaupulizia mate. Baba yangu alinitemea mate viganjani asubuhi ya mtihani wa darasa la sita, nikapita. Kwa hiyo najua nilichokiona. Mwalimu amembariki mshindani wangu hadharani.

Nilimwuliza kwa kuzunguka: na maski yangu je? Akajibu bila kugeuka, "Tema na weye. Kila muntu na mate yake." Eti nijibariki mwenyewe. Nani duniani anajibariki mwenyewe? Nikaingia hivyo hivyo. Ukungu ulijaa kwenye kioo, nikagonga mwamba kwa kichwa. Norbert, ambaye alikuwa anaona vizuri sana, ndiye aliyenishika mkono kunitoa.

Alhamisi, 8 Machi

Nimekwenda Lubuye kwa shangazi Alphonsine, mkubwa wa ukoo wetu hapa Kalemie. Nilimpelekea maski na sukari. Alipokea sukari kwanza.

Alisikiliza yote. Aliuliza huyo Gaspard ni mtu wa wapi. Nikasema ni Mholoholo, wa hapa hapa ziwani. Akasema basi tutaona. Shangazi anatafuna makasu, zile kokwa chungu za kola, tangu wakati wa Wabelgiji, na mate yake yana rangi ya matofali. Aliniomba ningoje atafune vizuri, kwa sababu baraka haitoki kwenye kinywa kikavu. Kisha akapuliza. Maski ilijaa. Kidevu changu pia. "Mutoto wa kaka yangu," alisema, "uone vyote vyenye viko ndani ya maji, na wao wasikuone."

Hakusema nisioshe. Hakusema nioshe pia. Ukiosha kitu kilichobarikiwa, baraka inabaki wapi? Nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda ikauke. Viviane anasema inafanana na mbuzi aliyegongwa na lori. Amekwenda kulala kwenye chumba cha Mado.

Ijumaa, 9 Machi

Papa Gaspard amekagua vifaa. Maski yangu niliifunga kwa kitambaa, nikamwambia naikinga na vumbi. Aliuliza vumbi gani, tunasimama ndani ya maji. Nilikaza fundo la kitambaa. Anayetaka sana kuona kitu ana sababu yake.

Ametangaza mtihani wenyewe. Kila mmoja atashuka na wavu mdogo hadi kwenye miamba na kuleta samaki mmoja wa manjano, akiwa hai. Yeye atakuwa chini kutuangalia. Niliuliza kwa nini awe chini. Akasema ili tusife. Jibu lilikuja haraka mno.

Nyumbani, maski ya pili haipo. Viviane ameirudisha sokoni na kubadilisha na mafuta ya mawese. Nilimwambia ile ilikuwa akiba yangu. Alisema na haya mafuta njo akiba yake.

Jumamosi, 10 Machi

Norbert alishuka kwanza, akapanda na samaki wawili wa manjano. Alihitajiwa mmoja. Mwingine ni wa kujionyesha.

Mimi nikashuka. Kuhusu chini ya ziwa naweza kutoa taarifa kwamba ni pekundu. Miamba myekundu, samaki wekundu, mkono wangu mwekundu. Halafu pumzi yangu ikalainisha makasu, yakaanza kunitiririkia machoni. Nilipapasa hadi nikaona kitu kimoja kinachong'aa kuliko vingine, kinatikisika polepole. Nilikifunika kwa wavu na kukishika kwa mikono miwili. Kilivuta. Nikavuta zaidi. Kilinipiga kifuani, kikanipiga tena tumboni. Sikuachia. Tulipanda juu pamoja, tukishindana njia nzima.

Kitu hicho kilikuwa palme la Papa Gaspard. La manjano. Na Papa Gaspard alikuwa bado ndani yake.

Watu waliotoka kwenye salongo walisogea na majembe yao kutazama. Papa Gaspard alikohoa maji. Alipopata sauti alinivua maski, akaichungulia, akainusa. "Nani alikutafunia makasu humu?" Nilisema ni mambo ya ukoo. Norbert alikaa mchangani, kucheka kumemshinda akiwa amesimama.

Hapo mwalimu akaeleza, kwa sauti ya kufundisha watoto wa chekechea, kwamba mate yanazuia kioo kisishike ukungu. Basi. Unatema, unapaka, unasuuza. Siku ile alimtemea Norbert kwa sababu Norbert alikuwa amefunga tangu asubuhi na kinywa chake kilikuwa kikavu kama karatasi. Wenye majembe walitikisa vichwa, wakaridhika. Mimi nilimtazama Norbert. Alikuwa na mate ya kutosha wakati wa kucheka.

Nafasi amepata Norbert. Viviane alikuwa ameshaambiwa kabla sijafika nyumbani. Nimekuta jembe jipya limeegemezwa mlangoni.

Jumapili, 11 Machi

Baada ya misa Papa Gaspard amenifuata nje ya kanisa. Anachechemea. Amesema patron wa kampuni amewaona samaki wa Norbert na sasa anataka mzamiaji wa pili, na yeye amelitaja jina langu. Nilidhani ananichezea. Hapana. "Weye haujui kitu," alisema, "lakini haukuachia. Nilikupiga na miguu yote miwili, haukuachia. Kuona samaki nitakufundisha. Ile ingine haifundishwi." Mtihani wangu ni Jumamosi ijayo, peke yangu. Sharti lake ni moja: nije na maski safi na mate yangu mwenyewe.

Viviane alifurahi hadi akapika kuku. Amemwambia Edmond angoje hadi Jumamosi. Ameiosha maski kwa sabuni, mara tatu. Kisha akanishika mkono na kusema, "Papa Mado, mara hii fanya tu vile amesema. Tafazali." Nilisema ndiyo.

Jioni nimekaa nikafikiri. Mtu niliyemkokota kwa mguu kutoka chini ya ziwa ananitafutia kazi. Kwa nini? Na katika masharti yote, kwa nini ashikilie hilo tu, kwamba mate yawe yangu, yasiwe ya mzee? Anaogopa. Ameonja nguvu ya ukoo wetu kwenye mguu wake mwenyewe, na hataki kuionja tena.

Kosa nililofanya nimelitambua na nalikubali. Kosa lilikuwa makasu. Nilimchagua mzee anayetafuna.

Nimempa mashinisti wa treni ujumbe aufikishe Kabalo, wenye mitumbwi waupeleke kwa baba mkubwa Floribert, kule Ankoro. Ni mkubwa kwa shangazi, na hana jino hata moja. Hatafuni kitu, kwa hiyo mate yake ni safi. Ananusa ugoro tu, na kupiga chafya. Atashuka kwa mtumbwi hadi Kabalo na kupanda treni, inayoingia hapa Alhamisi tarehe 15. Mtihani ni Jumamosi, tarehe 17.