Malori ya Darajani

Jumatatu, 6 Juni 1988
Nimefika mpakani mwa Uganda kutoka Eldoret, niko kwa binamu. Mpango: kibanda cha chai na chapati kando ya daraja, pale madereva wanaposubiri kugongewa muhuri. Nur, jirani yangu mwenye duka kule Eldoret, naye amekitolea macho kiwanja hicho hicho. Lakini Nur hana akili ya utafiti! Kesho nitahesabu malori, nijue nikande unga kiasi gani. Selpha, mke wangu, alinikataza. Alinikumbusha jirani yetu Paul, aliyechukuliwa na askari Februari kwa sababu ya yaliyoandikwa kwenye daftari lake. Woga wa bure.

Jumanne, 7 Juni
Nimekaa chini ya mkaratusi, malori nayaandika ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Saa tano, ng'ambo ya barabara, mtu! Koti jeusi kwenye jua kali. Miwani. Daftari! Nikiandika, naye anaandika. Nimejifanya nachora ng'ombe. Sijui kuchora.

Jumatano, 8 Juni
Yupo tena! Kuhesabu magari mpakani, miezi sita tu tangu risasi zilie kati yetu na Uganda: nani ataamini ni habari ya chapati? Nimechana ukurasa wa hesabu, nikautafuna, nikaumeza. Nimedandia lori la mahindi, nikalala kati ya magunia mpaka Turbo.

Ijumaa, 10 Juni
Amenifuata mpaka nyumbani Eldoret! Amesimama dukani kwa Nur, koti lile lile. Nimeingia chini ya kitanda. Nimemwambia Selpha watoto wasiache shule hata nikipotea, na machozi yalinitoka. Yeye akachukua kikapu, akaenda dukani kununua chumvi. Nusu saa nzima! Nimesali sala zote ninazozijua.

Amerudi anacheka mpaka ameketi sakafuni. Yule ni Jacktone, alitumwa na Nur kuhesabu malori. Jana alitoroka, akiapa kwamba chini ya mkaratusi kuna mpelelezi wa Serikali, mkali ajabu, anayekula karatasi ili siri zisitoke. Nur ameogopa, kiwanja hakitaki tena.

"Toka huko chini, Baba Angeline," Selpha akasema. "Na hilo daftari nalichoma."

Jumapili, 12 Juni
Daftari nililificha kwenye unga. Kiwanja ni changu! Ila hesabu imo tumboni, kwa hiyo kesho narudi kuhesabu upya. Nimeazima koti na miwani ya Jacktone. Nikifanana na mtu wa Serikali, nani atanigusa?

Jacktone anasema alipoondoka Alhamisi aliwaacha wawili wengine wameketi pale darajani kutwa. Hawaandiki chochote, wanatazama tu mkaratusi.

Watu wa chapati hao. Siwaogopi.