Mtembeaji Bora wa Mtaa, Nikiwa Nimekaa

Leo nimechekwa na nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kihonda, wakiwemo wateja wangu, na bado nimerudi nyumbani kifua mbele. Ngojeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko imeshaongezwa chumvi.

Mnajua mimi ni fundi cherehani. Juzijuzi walikuja watafiti mtaani kwetu, wakiongozwa na kijana mmoja mpole anaitwa Dokta Elia. Wana vifaa vya kupima mtu anatembea kiasi gani, anakaa kiasi gani na analala kiasi gani. Ila kabla ya kuvipeleka kwa watu wengi, walitaka kwanza kuvipima vifaa vyenyewe, wajue kama vinasema kweli. Tuliojitolea tukavalishwa viwili viwili: kimoja kwenye kifundo cha mguu, kama saa isiyo na uso, kingine kikabandikwa pajani kwa plasta. Tukaambiwa tuishi kama tunavyoishi siku zote.

Nikaishi. (Nilikuwa na sare za kwaya nzima za kumaliza, kwa hiyo niliishi hasa.)

Leo asubuhi tukaitwa ukumbini kusikia matokeo. Dokta Elia akatuamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo zake zote kazitoa, kisha akasema anayekubali matokeo yake yasomwe mbele ya wenzake anyooshe mkono.

Mimi nilinyoosha miwili.

Pembeni yangu alikaa jirani yangu, Mama Asha. Huyu anachukua mboga kwenye malori yanayoshuka kutoka Mgeta, anazipanga kwenye beseni, anazunguka nazo kichwani Kihonda nzima. Jua linamkuta njiani na linamwacha njiani.

Wakaanza na usingizi. Wangu ulisifiwa. Vifaa vyote viwili vilikubaliana kwamba nikilala, nalala fofofo. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Kisha Dokta akasema, "Kwa kifaa cha mguuni, aliyetembea kuliko wote humu ni Mama Prisca."

Mama Prisca ni mimi.

Makofi. Mama Asha akawa wa pili. Akageuka akanitazama toka juu mpaka chini, kama anavyokagua gauni kabla hajakubali kulipokea. Sikumjali. Nilipewa zawadi, raba nyeupe mpya, nikazivaa hapo hapo. Nikaombwa niseme neno.

Nikasema mengi.

"Mimi ni mtoto wa Mgeta," nikawaambia. "Kule kwetu ukienda kwa jirani unapanda mlima, ukirudi unapanda tena. Nyie wa tambarare mnaharibiwa na viti. Acheni kukaakaa. Nitazameni mimi."

(Ndiyo, nilisema viti. Nilisema pia wanitazame.)

Nikiwa bado naendelea, nikamwona Dokta Elia amekunja uso mbele ya kompyuta yake.

"Samahani, mama," akasema. "Hiki cha pajani kinasema mchana kutwa ulikuwa umekaa."

"Basi kibovu hicho."

"Labda ulikivua, ukakisahau kwenye kiti?"

"Hata kuoga nilioga nacho."

Akajikuna kichwa. Akatueleza kwamba vifaa viwili kwenye mwili mmoja vikipishana namna ile, lazima kimoja kinadanganya, na wasipojua ni kipi, hawawezi kuendelea. Itabidi wafunge mizigo waondoke. Nilimhurumia. Ila sikumhurumia kiasi cha kurudisha raba.

"Mwanangu, kitupeni mbali hicho cha pajani," nikamshauri. "Cha mguuni ndicho chenye akili."

Akaomba tujaribu upya, watu wote waone. Akanifunga kile cha mguuni, akakiunganisha na kompyuta, na namba zikawa zinaonekana ukutani. Nikatembea mpaka mlangoni nikarudi, kwa maringo. Namba ikapanda. Watu wakaitikia kwa vichwa. Akaniambia sasa nikae, nitulie.

Nikakaa nyuma ya meza. Namba ikaendelea kupanda.

"Mama, kaa tu."

"Nimekaa."

"Usitembee."

"Mwanangu, mtu anatembeaje huku amekaa?"

Kisha nikaona vichwa vinainama, kimoja baada ya kingine, vinachungulia chini ya meza. Na mimi nikainama. Mguu wangu wa kulia, ndani ya raba mpya nyeupe, ulikuwa unakwenda wenyewe: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Unakanyaga cherehani ambayo haikuwepo. (Huwa unafanya hivyo nikiwa na hasira. Hata kanisani unafanya.)

"Anashona huyo," akasema Mama Asha.

Watu wakaangua kicheko mpaka mwenyekiti wa mtaa akashikilia kiuno cha suruali yake, suruali ambayo nimemshonea mimi. Sikuwa na pa kujificha. Nikainama, nikafungua kamba za zile raba taratibu, nikampelekea Mama Asha pekupeku.

"Mwenzangu, hizi ni zako."

Akazipokea. "Viatu nachukua," akasema. "Hotuba baki nayo."

Mtu pekee ambaye hakucheka ni Dokta Elia. Alikuwa amesimama na uso unang'aa, kama mtu aliyerudishiwa simu iliyopotea. "Mama, umetuokoa," akasema. Kumbe cha pajani ndicho kilichokuwa kinasema kweli, na cha mguuni kilidanganywa na kanyagio la cherehani. Wasingenipata mimi, wangekwenda kuwaandika mafundi wote kuwa watembeaji hodari, kumbe wako kwenye stuli tangu asubuhi mpaka jioni.

Mchana akaja kibandani kwangu na mwenzake. Wakauliza kama wanaweza kupiga video ya mguu wangu ukifanya kazi. Nikawaambia mguu ni huu.

"Polepole, mama." Nikashona polepole.

"Sasa kwa kasi yako ya kawaida." Hapo nikawaonyesha.

Watu wakajaa barabarani. Miaka yote nimewasomesha watoto wangu kwa mguu huu, na hakuna aliyewahi kuutazama. Leo wasomi wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye vumbi la kibanda changu, wanautazama, na mmoja anamwambia mwenzake, "Umeona unavyokwenda?" Nilinyoosha mgongo mpaka shingo ikauma.

Wakati wa kuaga Dokta akaniambia kwa heshima, "Lakini mama, kukaa vile kutwa nzima si vizuri. Uwe unanyanyuka." Nikamwambia nimesikia, na kweli nilinyanyuka, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kwa hiyo leo nawaruhusu mcheke. Ila yeyote mwenye kitambaa chake kwangu atakayekuwa bado anacheka kesho, ajue nguo yake ya Jumapili haitakuwa tayari.