Malalamiko ya Kinyozi Aliyepelekwa kwa Wenye Vipara

Kwa Muuguzi Msimamizi,
Kliniki ya Saratani, ghorofa ya pili, mlango wa pembeni ya mizani.

Mpendwa Dada Muuguzi,

Yahusu: Kurudishiwa upweke wangu

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi mzima, ukiondoa ule ugonjwa unaoujua kuliko mimi: saratani iliyoanzia kwenye tezi dume, kisha bila kuaga ikahamia bega la kulia na mifupa ya kiuno. Daktari alinieleza kwamba haitatoka tena, ila kwa vidonge inaweza kutulizwa. Nikaelewa. Nikarudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikawa na yangu. Mke wangu alitangulia zamani. Mwanangu wa pekee yuko mbali, hunipigia simu Jumapili kuniuliza kama nakula. Nakula.

Hapo ndipo wewe, dada yangu, ukajitia kati. Uliniandikisha kwenye kikundi cha wagonjwa wanaokutana kila Alhamisi katika chumba cha nyuma ya duka la dawa, eti mzee wa umri wangu hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Nilipokataa ukanitupia methali: kinyozi hajinyoi. Dada, unamwambia nani? Mimi ndiye kinyozi. Nimejinyoa kwa vioo viwili tangu ujana wangu, na sijawahi kumwachia mtu kichwa changu. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

1. Uliniambia niende na kitu ninachokipenda, tufahamiane. Nikabeba mashine, mikasi, machanuo, brashi ya shingo na kopo la poda. Kufungua mlango, nakuta vichwa saba, vyote vinang'aa. Dawa za kwenye mshipa zilishamaliza kazi yangu yote, mpaka nyusi. Sijawahi kudhalilishwa kikazi namna ile. Na kwa kuwa mimi nameza vidonge tu, nilikuwa peke yangu mwenye nywele, wakanikodolea macho kama mtu aliyeingia na sahani ya pilau penye wenye njaa. Mmoja wao, dereva mstaafu wa lori, aliomba aziguse. Akazigusa, akafumba macho. Nilistahimili.

2. Wana sheria yao kwamba kila asubuhi lazima utume ujumbe wa simu kusema umeamka. Mimi si kuku wa kuhesabiwa bandani. Siku moja nikanyamaza makusudi, niwatie adabu. Kabla chai haijachemka Dereva alikuwa ameshafika. Akagonga, hakusubiri jibu, akausukuma mlango kwa bega kama anakwamua lori. Nilikutwa na taulo kiunoni na povu shavuni. Pande lile la mtu likaketi kitandani kwangu likalia, kisha likanitukana, kisha likanywa chai yangu. Mlango mpaka leo haufungi, na mama jirani wa chini sasa hupita kuchungulia na bakuli la supu, akisingizia kapika nyingi. Kila siku kapika nyingi? Ajifunze kupima maji.

3. Hawana heshima kwa ugonjwa. Watu wenye adabu hushusha sauti, wakasema "ule ugonjwa". Hawa wanauita mpangaji. Kuna bibi mmoja aliyefundisha hesabu maisha yake yote, tunamwita Mwalimu. Yeye husimulia jinsi mpangaji wake alivyotoka kwenye titi akahamia kwenye ini, bila hata kufagia alikotoka. Wenzake wanagonga meza kwa kicheko. Nami nilicheka, bila kukusudia. Kiuno kiliniuma mpaka kesho yake. Nani atawajibika?

4. Hili ndilo zito. Wameniharibia hofu yangu. Kabla ya kuwajua nilikuwa na hofu moja tu, nimeitunza, naijua kila pembe: kwamba nitafia humu chumbani, na watu watajulishwa na harufu. Niliogopa hivyo kila siku inayopita, na sikumwambia mtu. Mwanangu akipiga, nilimwambia nakula. Sasa, kwa sababu ya nambari 2 hapo juu, hofu ile haifai tena kwa matumizi yoyote. Nikifa asubuhi, chai haitachemka kabla Dereva hajaja kuvunja mlango uliokwisha kuvunjika. Mtu mzima kama mimi nianze kutafuta hofu mpya, na kwa magoti haya?

Kwa hiyo naomba jina langu lifutwe kikundini, kitasa changu kitengenezwe, na nirudishiwe upweke wangu kama mlivyoukuta. Haukuwa na hata mkwaruzo. Nisipojibiwa nitapanda kwa Mganga Mkuu, kutoka hapo kwa Waziri. Na huko nako nikipuuzwa, nitapona kabisa, nione mtajieleza vipi.

Nisalimie daktari, yule mama wa mizani anayesema uzito wa watu kwa sauti, mlinzi wa getini, na wagonjwa wote wa foleni. Wale vipara saba usiwasalimie. Au wasalimie, lakini kwa ufupi.

Ndimi, mwenye kichwa changu mwenyewe,
Kinyozi mstaafu, chumba cha juu kabisa, mlango usiofungwa.

Nyongeza: Barua hii nimechelewa kuileta kwa sababu ya jambo dogo. Lile bega, dada yangu, halinyanyuki tena kufika kisogoni, na kisogo kilikuwa kimeota kichaka. Nilivaa kofia kukificha. Mwalimu akaivua. Alhamisi akanikalisha kwenye kiti, akapiga mstari katikati ya kichwa kwa rula na kalamu, akashika mashine yangu akaninyoa upande wa kulia, vibaya sana, umejaa ngazi. Kisha akazima mashine. Akasema wa kushoto ni kazi ya wiki ijayo, na asiyehudhuria abaki hivyo hivyo. Mama jirani kanifungulia mlango wa chini, kuniona kichwa akamwaga supu yote. Kwa hiyo jina langu usilifute kwanza, siwezi kuzikwa nikiwa hivi. Nimepiga hesabu: akimaliza kushoto, kulia kutakuwa kumeshaota. Mweleze daktari kwamba kazi hii haina mwisho, na anipangie vidonge kwa kuzingatia hilo.