Kwa Nini Bonareri Hanenepi

Jumatatu, 12 Mei

Nesi amekuja shuleni kutupima uzito. Gredi ya saba nzima, foleni mpaka kwa tangi la maji. Nimepanda mizani, mshale ukaruka kama umeona nyoka. Nesi ni mpole, hakusema mnene. Alisema tu uzito wangu unakimbia na urefu unatembea. Akauliza nakula nini. Nikasema mboga. Kwani viazi si mboga? Hata vikikaangwa! Atarudi Ijumaa, nije na Mama. Balaa! Mama ana kibanda cha chipo hapa Kericho mjini. Nesi akimfungua macho, mimi nimekwisha.

Anayenishangaza ni rafiki yangu Bonareri. Amepimwa baada yangu, akaambiwa yuko sawa kabisa. Bonareri! Mtu ambaye ugali wake una kivuli! Huo ugali unaenda wapi? Lazima kuna siri. Nitaijua kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 13 Mei

Mpango: kubadilishana chakula. Nimempa chipo, soseji ya smoki na soda. Nimechukua ugali wake wa wimbi na mboga ya managu. Managu ni machungu kwanza, halafu ghafla unayatafuta kwa sahani na hayapo. Nimejisikia mwepesi mpaka saa kumi. Saa kumi nimepitia kibandani. Zile chipo hazikuwa kwenye mpango, kwa hiyo hazihesabiki.

Bonareri naye amelala kwenye kipindi cha hesabu. Amekataa kubadilishana tena. Eti chipo zimemkausha mdomo, na hakushiba.

Jumatano, 14 Mei

Wazo jipya: minyoo! Nikamuuliza Bonareri, kwa nia njema, mbele ya watu. Kosa. Akasema, "Fancy, mimi ni rafiki yako ama ni ng'ombe umeitwa kutibu?" Akahamia dawati la mbele.

Sikujua kiti kinaweza kuwa kitupu hivyo. Hata smoki ya jioni haikushuka vizuri. Ilishuka, lakini si vizuri.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeomba msamaha. Bonareri hawezi kununa siku mbili. Amesema twende kwao nijionee mwenyewe. Ni hapo tu, akasema. Uongo! Kwao ni kwa nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Tumeshuka bonde, tumevuka mto, tumepanda katikati ya majani chai, mvua ikatunyeshea, na yeye muda wote anapiga stori. Mimi nilikuwa najibu kwa kuhema.

Kufika, badala ya kukaa, akachota maji, akapasua kuni, akamkimbiza ndama. Mimi nikakaa kwa kigoda nikichunguza sufuria. Hakuna dawa. Hakuna jani la ajabu. Nikamuuliza mama yake, aliyekuwa ametoka kuchuma chai, huyu mtoto anapeleka wapi chakula. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Mtoto wangu, umekuja naye kwa miguu na bado unaniuliza mimi?"

Mama mkarimu sana, ila hakujibu swali. Nimerudi kwa pikipiki ya boda.

Ijumaa, 16 Mei

Nesi amerudi. Nimevua viatu, sweta, soksi, hata saa. Mshale haukujali. Mama akaja juu: kwetu mtoto akikonda, watu huuliza kama nyumbani kuna shida! Nesi hakubishana. Akauliza polepole naenda nyumbani na nini. Boda, Mama akasema. Na jioni nakula nini? Mama akatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba jioni yeye yuko kazini, na akiniona nina chipo mkononi, anajua angalau nimeshiba.

Nilitamani nesi aondoke.

Uamuzi wa nesi: chipo Jumamosi tu, na nyumbani ni kwa miguu. Bonareri, aliyekuwa akinisubiri mlangoni, akasema atanisindikiza mpaka mjini, ndipo ageuke aende kwao. Na kwao ni upande mwingine kabisa! Nikalia, na wakadhani ni kwa sababu ya chipo.

Jumatatu, 19 Mei

Tumetembea. Tumecheka njia nzima. Na siri nimeipata!

Kufika nyumbani, njaa ilikuwa imenishika kooni. Nimekula sahani mbili za ugali na maharagwe. Nikipanda boda hula moja. Hesabu ni rahisi: kutembea kunaongeza njaa, njaa inaongeza ugali, ugali unaongeza Fancy. Kumbe kinachonenepesha ni kutembea! Maskini Bonareri, hajui hatari anayojitafutia kila siku.

Nimeshaongea na mtu wa boda. Kesho atatubeba sote wawili.