Kufuli Langu na Jiko la Chini ya Kitanda

Jumatatu, 9 Juni. Pongwe.

Umeme umeisha tena kabla ya mchana. Bi Shamsiya, mwenye nyumba, katuita wapangaji wote uani. Nani anakula LUKU? Nikasema kwa uchungu kabisa kwamba ni Tadeo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anapiga pasi kupita kiasi. Tadeo akalitazama shati lake. Maskini, ana mashati mawili tu.

Jiko langu la umeme liko chini ya kitanda. Marufuku. Atakayekutwa nalo anahama siku hiyo hiyo. Na Bi Shamsiya ana funguo za vyumba vyote. Hodi anaipiga akiwa ameshafika ndani.

Jumanne, 10 Juni.

Wakili kaeleza redioni: mpangaji ana haki ya faragha. Mwenye nyumba haingii ovyo. Hata polisi waulizwe hati ya upekuzi, na shahidi awepo. Nilitokwa na machozi. Kumbe miaka yote naonewa!

Nimenunua kufuli kubwa. Bi Shamsiya kauliza la nini. Nikampa shikamoo, kisha nikampa sheria. Kaniangalia kwa huruma, sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni.

Maharage yakiwa jikoni, yaani chini ya kitanda, askari wakabisha. Pampu ya maji ya msikitini imeibwa, wanapita nyumba hadi nyumba. Kwa Tadeo walichungulia tu, wakashukuru. Kwangu wangechungulia vilevile. Mimi nikaziba mlango, nikadai hati, nikadai shahidi, kwa sauti ya kufika barabarani. Afande akasema hewala, ni haki yangu. Akaenda, akamwacha mwenzake mlangoni nisitoe hata kijiko.

Karudi na hati, na Mzee Suleimani, mjumbe wetu, na nusu ya mtaa nyuma yao. Bi Shamsiya nikamzuia kizingitini. Sheria ni sheria. Afande akainama. Pampu hakuna. Ndipo Mzee Suleimani, shahidi niliyemtaka mwenyewe, akawatangazia walio nje kwamba kuna jiko la umeme, na maharage yameiva, ila chumvi haijakolea. Alikuwa ameonja.

Bi Shamsiya hakuvuka kizingiti. Alisema tu nihame kabla ya alasiri. Tadeo alikuwa nyuma yake. Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumamosi, 14 Juni.

Nimelala kwa Tadeo, kwenye mkeka. Ni yeye aliyeniombea kwa Bi Shamsiya nikae kama mgeni wake mpaka nipate chumba. Nikamwomba radhi kwa ile habari ya pasi. Kasema yameisha, akanipa na chai. Nilijisikia vibaya sana, karibu saa nzima.

Jioni Tadeo kaingia nikiwa nabadili nguo. Hata hodi hakuna. Nikamweleza habari za faragha, taratibu, kama alivyoeleza wakili. Kanijibu kwamba chumba ni chake.

Haya ndiyo mambo nisiyoyavumilia. Bahati nzuri lile kufuli bado ninalo. Kesho Tadeo akienda kanisani nalipachika mlangoni, na funguo nakaa nazo mimi.